WALIOKODIWA KUSIMAMA UKUTANI: Somo kutoka mji wa Tiro



Somo la leo ni refu kidogo, kwa hivyo tafuta mahali utulie. Chukua Biblia yako, fungua Ezekieli 27, usome mstari wa 1 mpaka wa 11 kabla ya kuendelea. Kama uko kwenye matatu kati ya Rongo na Homa Bay, soma kwa simu. Nitakungoja.

Umesoma? Wengi wetu huiruka mistari hii kwa sababu imejaa majina ya watu na mahali tusipopajua. Lakini ndani ya majina hayo kuna habari ambayo, ukiifuatilia katika historia, itakufanya uangalie boma lako kwa macho mengine.

Ezekieli anaimba maombolezo juu ya Tiro. Anaufananisha mji huo na merikebu nzuri sana. Mbao zimetoka Seniri, mlingoti ni mwerezi wa Lebanoni, makasia ni ya mialoni ya Bashani, na tanga ni kitani cha Misri. Kisha anataja watu. Wapiga makasia ni wa Sidoni na Arvadi. Mafundi wa kuziba nyufa za merikebu ni wazee wa Gebali. Askari wa jeshi ni watu wa Uajemi, Ludi na Putu. Walio juu ya kuta pande zote ni tena watu wa Arvadi, na ndani ya minara wako Wagamadi.

Sasa nikuulize: watu wa Tiro wenyewe wako wapi kwenye ukuta wao?

Nabii anawataja kama mabaharia wenye hekima walioshika usukani, basi. Ukuta wameachia wengine. Wao wanahesabu mali.

TIRO ULIKUWA MJI GANI?

Tiro uko Lebanoni ya leo, kwenye pwani ya Bahari ya Kati. Zamani mji wenyewe ulikuwa kisiwani, mita mia saba au mia nane hivi kutoka nchi kavu, na sehemu nyingine ya mji ilikuwa ufukoni ng'ambo. Ukitaka kupata picha, fikiria Rusinga kabla ya kuunganishwa na Mbita, ila kisiwa kiwe kidogo zaidi na kizungukwe na ukuta mrefu wa mawe.

Mji huu ulitajirika kwa biashara. Mfalme Hiramu wa Tiro ndiye aliyempa Sulemani mierezi ya kujenga Hekalu (1 Wafalme 5). Watu wa Tiro walijua kutoa rangi ya zambarau kutoka kwa konokono wa baharini, na nguo ya rangi hiyo ilivaliwa na wafalme. Meli zao zilifika mbali, na ni wao walioanzisha Karthago huko Afrika Kaskazini, katika nchi tunayoiita Tunisia. Hata Nehemia, baada ya watu kurudi kutoka utumwani, aliwakuta Watiro wakiuza samaki Yerusalemu siku ya sabato (Nehemia 13:16). Sisi wa kando ya ziwa tunawaelewa watu hao. Samaki na pesa vinajuana.

Pesa ikija nyingi, huja na fikira kwamba kila kitu kina bei, hata ulinzi. Tiro ilikuwa na uwezo wa kuleta askari kutoka mbali. Uajemi ndiyo Iran ya leo. Wataalamu wengi wanasema Ludi ni Lidia, katika Uturuki ya sasa, na Putu ni upande wa Libya. Arvadi ni kisiwa kidogo kwenye pwani ya Siria, nacho kipo hata leo.

Angalia neno ambalo nabii analitumia mara mbili, mstari wa 10 na wa 11. Anasema askari hao walitundika ngao na chapeo zao, na kwa kufanya hivyo waliongeza UZURI wa Tiro. Hasemi waliongeza usalama. Ngao zilipendeza ukutani. Mgeni aliyekaribia kwa meli aliona ngao zimepangwa zikimetameta, akasema mji huu umejaliwa. Naye Tiro mwenyewe, kwa mujibu wa mstari wa 3, alikuwa ameshajisifu kwamba uzuri wake umekamilika.

Lakini uzuri wa ukuta haupimwi siku ya wageni. Hupimwa siku ya vita.

SIKU YA VITA ILIPOFIKA

Siku ya kwanza ilikuja na Nebukadreza wa Babeli. Baada ya kuangusha Yerusalemu mwaka 586 K.K., aliugeukia Tiro. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anaandika kwamba aliuzingira miaka 13. Ezekieli 29:18 inaeleza jinsi vichwa vya askari wa Babeli vilivyopata upara na mabega yao yalivyochunika kwa kazi hiyo, na bado mfalme na jeshi lake hawakupata ujira wa kutosha. Mwishowe Tiro ikawa chini ya Babeli, lakini kisiwa hakikubomolewa. Mtu angeweza kusema: mnaona, ukuta umefaa! Pesa yetu haikupotea!

Mungu hana haraka, mpendwa. Ikapita zaidi ya miaka 200.

Mwaka 333 K.K. kijana mmoja kutoka Makedonia, Aleksanda, alimshinda Dario mfalme wa Uajemi katika vita vya Iso. Mwaka uliofuata, 332 K.K., akasimama ufukoni mwa Tiro na kutaka aingie mjini kutoa sadaka. Watiro wakakataa. Walikuwa na kisiwa, ukuta, meli na marafiki wengi.

Aleksanda akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alibomoa nyumba za mji wa zamani uliokuwa nchi kavu, akachukua mawe, mbao na kifusi, akavitupa baharini kutengeneza njia ya kufika kisiwani. Soma Ezekieli 26:12 uone nabii alisema nini juu ya mawe, mbao na mavumbi ya Tiro. Njia hiyo ipo mpaka leo. Bahari imeijaza mchanga kwa karne nyingi, na Tiro si kisiwa tena.

Lakini njia peke yake haikutosha. Watiro waliichoma moto mara moja na kuiharibu. Aleksanda alihitaji meli, naye hakuwa na za kutosha.

Hapa ndipo nataka uweke alama kwenye Biblia yako.

Meli zilitoka wapi? Arrian, aliyeandika historia ya vita hivyo, anataja walioleta meli kwa Aleksanda. Alikuja mfalme wa Arvadi, akaja mfalme wa Gebali, na zikaja meli za Sidoni. Pamoja zilikuwa kama 80 kutoka pwani ya Foinike, na nyingine kama 120 kutoka Kipro.

Rudi sasa kwa Ezekieli 27. Mstari wa 8: wapiga makasia ni wa SIDONI na ARVADI. Mstari wa 9: mafundi wa kuziba nyufa ni wa GEBALI. Mstari wa 11: walio juu ya kuta pande zote ni watu wa ARVADI.

Miji ileile! Watoto wa wale waliotundika ngao juu ya ukuta wa Tiro walirudi kwa meli, mara hii wakiwa upande wa nje. Aliyeziba nyufa za merikebu, mjukuu wake alikuja na mtu wa kuzitoboa. Na Uajemi, jina la kwanza kabisa katika orodha ya askari wa Tiro? Dario alikuwa ameshapigwa, hakuja. Karthago, mtoto wa Tiro mwenyewe, nayo haikuleta jeshi.

Baada ya miezi 7 ukuta ulipasuka. Arrian anasema Watiro wapatao 8,000 waliuawa, na watu kama 30,000 wakauzwa utumwani. Hao walikuwa mama, vijana na watoto. Usisome idadi hizo haraka. Mungu mwenyewe alimwambia nabii aimbe maombolezo juu ya Tiro. Hakumwambia ashangilie.

KWETU AFRIKA MASHARIKI

Usidhani hayo ni ya Biblia na ya wazungu wa kale tu. Twende Mombasa.

Ngome ya Yesu, ile Fort Jesus unayoiona kwenye picha za watalii, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 ili kuulinda na kuutawala mji ule wa kale. Mwezi Machi 1696 jeshi la Oman likaizingira. Mazingira hayo yalidumu mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Tegemeo la ngome lilikuwa meli za msaada kutoka Goa, India. Meli zilikuja, lakini pamoja na askari ukaja ugonjwa, na ugonjwa ukaua wengi kuliko risasi. Ilifika wakati, mwaka 1697, ambapo karibu askari wote wa Kireno walikuwa wamekufa. Walioshika ngome walikuwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake wachache, pamoja na Waafrika waliokuwa ndani, wengi wao wanawake. Wanawake ndio waliosimama ukutani!

Msaada ukafika tena, vita vikaendelea, na mwishowe tarehe 13 Desemba 1698 ngome ikaanguka, wakiwa wamebaki walinzi wachache sana. Siku chache baadaye meli nyingine kutoka Goa zikatokea. Zikakuta bendera ya Oman juu ya ngome. Zikageuka.

Ngome ilikuwa na jina la Yesu. Jina la Yesu juu ya lango halikuifanya nyumba ya Yesu. Na nguvu inayongojewa ije kwa meli inaweza kufika wiki moja baada ya kuzikwa kwako.

JE, KOSA NI UGENI?

Nisimame hapa, kwa sababu najua kuna mtu ameshaanza kusema, “Mchungaji amesema wageni ni wabaya.” Sijasema hivyo, na Biblia haisemi hivyo.

Fungua 2 Samweli 15:18-22. Daudi anaukimbia Yerusalemu kwa sababu ya mwanawe Absalomu. Watu wake wa damu wamemgeuka. Nani anatembea naye? Itai Mgiti, mtu wa Gathi, mji wa Goliathi, akiwa na watu 600. Daudi anamwambia arudi, kwa sababu yeye ni mgeni na alikuja juzi tu. Itai anaapa kwa jina la Bwana kwamba mahali mfalme atakapokuwa, kwa kufa au kwa kuishi, na yeye atakuwa hapo hapo. Absalomu alikuwa mtoto wa nyumbani. Itai alikuwa mgeni. Nani alikuwa mlinzi?

Tofauti ya Itai na watu wa Arvadi ni agano. Itai alifungwa na upendo na kiapo mbele za Mungu. Watu wa Arvadi walifungwa na faida, na faida ilipohamia kwa Aleksanda nao wakahama. Bwana Yesu alisema vivyo hivyo katika Yohana 10:12-13, kwamba mtu wa mshahara akimwona mbwa-mwitu hukimbia, kwa sababu kondoo si wake.

Tena kuna jambo dogo la kukumbukwa. Curtius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba Tiro ilipoanguka, watu wa Sidoni waliokuwa katika jeshi la Aleksanda waliwaficha Watiro kama 15,000 ndani ya meli zao wakawaokoa, kwa sababu walikumbuka udugu wao wa zamani. Mshahara haukuokoa mtu siku ile. Undugu ndio uliookoa.

Kwa hivyo mtu yeyote akichukua maandiko haya kumwambia jirani yake Mkuria, Mluo, Msuba, Mkisii, Mluhya, Msomali au Mhindi kwamba yeye ni mgeni Migori na aondoke, huyo hajasoma Biblia. Ametafuta fimbo. Kaunti yetu iko mpakani, tumeoana, tumezikana, tunauziana mahindi na omena. Jirani wa namna hiyo anaweza kuwa Itai wako.

UKUTA WAKO UNASIMAMIWA NA NANI?

Hapa kwetu Migori tuna ukuta wa kale. Thimlich Ohinga, upande wa Macalder, ulikubaliwa mwaka 2018 na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Ni mawe yaliyopangwa bila simenti na bila udongo wa kushikanisha, na mahali pengine ukuta unapita mita 4 kwenda juu. Wataalamu wanasema umesimama tangu karne ya 16 hivi. Umesimamaje muda wote huo? Waliokaa ndani ndio waliopanga mawe, na kila jamii iliyokuja kukaa baadaye ilirekebisha palipolegea. Mwenye ng'ombe ndani ya zizi ndiye aliyeinua jiwe. Sisemi walikuwa na Injili. Nasema walijua jambo moja ambalo Tiro, pamoja na zambarau yake yote, haikulijua.

Nehemia alilijua pia. Soma Nehemia 3, uone ni mara ngapi imeandikwa kwamba mtu alijenga kuikabili nyumba yake mwenyewe. Shalumu alijenga pamoja na binti zake (mstari wa 12). Na hatari ilipokuja, Nehemia aliwaambia wapigane kwa ajili ya ndugu zao, wana wao, binti zao, wake zao na nyumba zao (4:14).

Sasa niseme nawe wazi, kwa upendo.

Kuna mama katika kaunti hii anayetuma pesa kwa simu kila Ijumaa kwa mtumishi ambaye hajawahi kumwona ana kwa ana, ili amwombee watoto wake. Watoto hao wako chumba cha pili. Hawajawahi kumsikia mama akitaja majina yao mbele za Mungu. Mama, mtumishi huyo anaweza kuwa mtu mzuri. Lakini umemkodi mtu wa Arvadi asimame mahali pako. Siku akiacha kushika simu, nani atakuwa ukutani?

Kuna mzee wa boma anayelipa karo, ananunua mabati, na anaamini hiyo ndiyo kazi yake yote. Maombi ameachia mke, mafundisho ameachia Sunday school, nidhamu ameachia walimu wa bweni. Mzee, ngao zimependeza ukutani. Wewe uko wapi?

Na wewe kijana. Msimu wa siasa ukifika, lori huja Rongo, huja Awendo, huja Ndhiwa, huja Oyugis. Unapewa mia tano na fulana, unaambiwa twende tukalinde mkutano wa mheshimiwa, au tukavunje wa mwenzake. Unapelekwa mji usio wako, kupiga mtu usiyemjua, kwa ajili ya nyumba ambayo hutaingia hata sebuleni. Ezekieli 27:27 inasema kwamba merikebu ilipozama, watu wa vita waliokuwa ndani walizama nayo. Waliokodiwa hawakuachwa juu ya maji kwa sababu walikuwa wa kukodiwa. Kijana, wanaokukodi hawatakuja matanga yako, na wakija watakuja kuhutubia.

Hata kanisa linaweza kuwa Tiro. Tunaweza kukodi vyombo, kukodi waimbaji, kualika mhubiri mkubwa kutoka Nairobi au ng'ambo, mkutano ukapendeza, na Jumatatu hakuna watu watano wa kushika maombi ya alfajiri. Uzuri umekamilika. Ukuta ni mtupu.

FANYA HIVI WIKI HII

Usiku wa leo, kabla ya kulala, waite walio nyumbani. Dakika 10 zinatosha. Kila mtu asome mstari mmoja wa Zaburi 127. Taja kila mtoto kwa jina. Kama unaishi peke yako, taja majina ya wa kwenu. Kama nyumba ina ugomvi na hamuwezi kukaa pamoja, anza wewe kwenye kona yako. Jiwe moja. Kesho jingine.

Wala usiache kuomba msaada wa kiroho kwa wengine. Tuombeeni, tuwaombee. Lakini mwenye kukusaidia akukute umeshasimama mahali pako.

Nimalizie na Tiro, maana hadithi yake haikuishia kwa Aleksanda. Miaka mingi baadaye Bwana Yesu alitembea mipaka yake (Marko 7:24). Kisha Paulo alifika huko akiwa njiani kwenda Yerusalemu, akakuta wanafunzi, akakaa nao siku 7 (Matendo 21:3-6). Siku ya kuondoka walimsindikiza mpaka nje ya mji. Luka anaandika kwamba walikwenda pamoja na wake na watoto, wakapiga magoti ufukoni wakaomba.

Ona neema hiyo! Mahali ambapo zamani askari wa kulipwa walitundika ngao, sasa baba, mama na watoto wamepiga magoti mchangani. Hakuna aliyewalipa. Ukuta ulikuwa umeanguka zamani, lakini Tiro ilikuwa imepata walinzi.

Ufuko tunao. Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, Sori mpaka Muhuru. Watoto tunao. Magoti tunayo.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kununua ulinzi ambao ulitaka tusimame wenyewe tuutoe. Rudisha baba ukutani, rudisha mama, okoa vijana wetu wasiuzwe kwa mia tano. Tupe majirani wa agano, nasi tuwe majirani wa agano. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA, na umtumie kijana mmoja unayemjua kabla lori halijamfikia.